Dawa ya Mikono Miwili: Imejaribiwa kwa Damu ya Nani?

Jioni moja ya mwezi uliopita tulikuwa barazani mjini Wete. Kahawa ilikwisha kupita mara mbili, na redio ilikuwa imetoka kutangaza habari za dawa mpya za saratani ambazo, kwa maneno ya mtangazaji, zina mikono miwili. Mazungumzo yakahama kutoka bei ya karafuu yakaingia humo. Mzee mmoja, mvuvi aliyekwisha kustaafu, ambaye mjukuu wake alipata kulazwa Dar es Salaam kwa saratani ya damu, akatugeukia akasema: "Mwanangu, nyinyi ndio watu wa kuandika. Hiyo dawa, kabla hajapewa mtu, ilijaribiwa wapi? Na ilijaribiwa kwa damu ya nani?"

Vijana waliokuwapo waliangua kicheko kwa hilo neno la damu. Sisi hatukucheka, maana swali lilikuwa kubwa kuliko jibu tulilokuwa nalo. Tulimwomba mzee atupe muda. Tumesoma, tumewauliza wanaojua, na leo tunaandika tuliyoyapata, kwa ajili yake na kwa ajili ya wakubwa wa afya ambao tunaamini hulisoma gazeti hili kabla ya kuingia katika vikao vyao.

Yafaa kwanza ieleweke dawa yenyewe ni kitu gani. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai zisizohesabika, ambazo wataalamu huziita seli. Katika damu mna seli nyeupe zifanyazo kazi ya ulinzi, na miongoni mwao limo kundi liitwalo seli T. Hilo ndilo jeshi hasa. Seli T ikiitambua seli iliyoharibika huing'ang'ania, ikaitoboa, ikaiua. Mbali na seli hizo mna kingamwili, ambazo si chembe hai bali ni protini zinazozunguka katika damu, zenye umbo la panda ya manati. Ncha mbili za panda hiyo ndizo mikono yake, na kwa maumbile mikono yote miwili hushika kitu cha namna moja tu. Kingamwili ya surua haina habari na ndui.

Sasa saratani ina hila yake. Seli ya saratani si mgeni aliyevuka mpaka. Ni mwenyeji aliyeasi. Amevaa nguo za nyumbani, anasema lugha ya nyumbani, na mara nyingi jeshi humpita ubavuni bila kumsaili. Ndipo wataalamu walipofikiri kutengeneza kingamwili yenye shabaha mbili, mkono mmoja uishike seli T kwa alama yake iitwayo CD3, na mkono wa pili uishike seli ya saratani kwa alama nyingine, mathalani CD19, iliyoko juu ya seli za baadhi ya saratani za damu. Sisi watu wa pwani kazi hii hatuigeni. Ni kazi ya mshenga. Mshenga haoi wala haozwi. Kazi yake ni kuzileta nyumba mbili katika mkeka mmoja, na yatakayofuata yatafanywa na wenyewe. Tofauti ni kwamba mkutano huu mwisho wake si ndoa, ni mauti ya mmoja.

Fikira hiyo si ya jana. Alfred Nisonoff wa Marekani alikwisha kuunganisha nusu za kingamwili mbili tofauti mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, walivumbua njia ya kupata kingamwili za namna moja kwa wingi, jambo lililowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Mwaka 1985 Staerz, Kanagawa na Bevan walionyesha kwamba kingamwili zilizounganishwa zaweza kweli kuielekeza seli T kwenye shabaha iliyochaguliwa na mtu. Lakini kutoka hapo hadi kwenye chupa ya hospitali zilipita karibu miaka thelathini. Dawa iitwayo blinatumomab, ya CD19 na CD3, iliruhusiwa Marekani Desemba 2014. Miaka hiyo yote ilipotelea wapi? Sehemu kubwa ilipotelea katika vishimo vidogo vya plastiki, na huko ndiko tunakotaka kumpeleka msomaji.

Kingamwili ya kawaida hujengwa kwa minyororo minne, miwili mizito na miwili myepesi. Ukitaka mikono miwili tofauti, unahitaji minyororo mizito ya namna mbili na myepesi ya namna mbili, na ukiiacha ijiunge ovyo ndani ya seli inayoitengeneza, utapata michanganyiko kumi, mmoja tu kati yake ukiwa ndio uliouagiza. Mwaka 1996 wataalamu wa Marekani walitoa njia ambayo fundi seremala yeyote wa Chake Chake angeielewa papo hapo: mnyororo mmoja mzito wautoe ulimi, na mwenzake wauchonge tundu, ili kila mmoja umkatae pacha wake na umkubali yule tu anayemfaa. Tangu hapo kuitengeneza kukawa kwepesi zaidi. Kujua ipi inafaa ndiko kulikobaki kuwa kugumu.

Maana kushika si kuua. Hili ndilo jambo ambalo limetushangaza kuliko yote. Mtu angedhani kwamba mkono unaoshika kwa nguvu zaidi ndio ulio bora, na kwamba ingetosha kupima nguvu ya mshiko kisha kuchagua. La hasha. Zipo kingamwili zinazoishika seli ya saratani barabara lakini zinaishika mahali pa juu mno, mbali na ngozi ya seli, hata seli T ikisogezwa haifiki karibu kiasi cha kutoboa. Zipo zenye mkono wa CD3 ulio mkali kupita kiasi, zikazifadhaisha seli T zikamwaga sumu ovyo. Na imeonekana kwamba mkono wa CD3 ukilegezwa kidogo, saratani huuawa vile vile na fujo hupungua. Hakuna karatasi wala hesabu itakayokupa jibu hilo kwa yakini. Lazima uzikutanishe seli zilizo hai, utazame.

Basi hufanywa hivi. Huchukuliwa sahani ya plastiki ya ukubwa wa kiganja, yenye vishimo 96, na nyingine zina 384. Katika kila kishimo hutiwa seli za saratani, tuseme elfu kumi, katika tone la maji yenye chakula chao. Juu yake hutiwa seli T zilizotengwa kutoka katika damu ya mtu mzima, mara tano au mara kumi ya idadi ile. Kisha hutiwa kingamwili, na hapa huanza utaratibu wa subira: kishimo cha kwanza hupata kiasi kikubwa, cha pili sehemu ya kumi ya kile, cha tatu sehemu ya kumi ya cha pili, na kuendelea hivyo hadi kifikiwe kiasi ambacho akili hukataa kuwa kina kazi. Blinatumomab katika majaribio ya namna hii ilikuwa ikiua kwa makumi ya pikogramu katika mililita moja, na pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara trilioni. Sahani huwekwa katika kabati la joto la nyuzi 37, joto la mwili wa mtu, penye hewa ya kaboni dayoksaidi asilimia tano, kwa muda wa siku moja hadi tatu.

Baada ya hapo sahani huulizwa maswali. La kwanza: seli za saratani zilizokufa ni ngapi? Zamani, tangu miaka ya 1960, seli hizo zililishwa kromiamu yenye mnururisho, na zikipasuka mnururisho ulimwagika katika maji ukapimwa. Siku hizi nyingi hupandikizwa kimeng'enya cha mdudu kimulimuli, yule yule anayeruka katika mashamba yetu usiku wa masika, ili seli iliyo hai ing'ae ikipewa chakula fulani na iliyokufa izimike. Mtaalamu huingia katika chumba akasoma giza. La pili: seli T ziliamka? Hupitishwa moja moja mbele ya miali ya leza, kutazamwa alama CD69 inayochomoza saa chache baada ya kuamka, na CD25 inayofuata baadaye. La tatu, ambalo tutalirudia: seli T zilipiga kelele kiasi gani? Kelele hizo ni protini ziitwazo saitokini, ambazo seli huzitumia kuitana, na zikizidi katika mwili wa mtu humletea homa, humwangusha shinikizo la damu, na zaweza kumwua.

Pembeni ya vishimo hivyo huwekwa vishimo vya ushahidi, na mtaalamu mwaminifu huvithamini kuliko vile vingine. Kimoja hakina kingamwili kabisa. Kingine kina seli zisizo na CD19, ambazo hazina hatia na zisiguswe. Kingine kina kingamwili ambayo mkono wake mmoja umeharibiwa makusudi. Na kipo kishimo chenye seli T na dawa peke yake, bila ya seli ya saratani. Humo seli T zatakiwa zilale. Zikiamka bila ya adui kuwapo, dawa hiyo hutupwa, hata kama katika vishimo vingine iliua kwa sifa zote.

Jambo jingine la ajabu hutokea upande wa kiasi kikubwa. Ukiongeza dawa, mauaji huongezeka, lakini ukizidi kuongeza, hufika mahali mauaji yakapungua tena. Msomaji asidhani kwamba ni kosa la chombo. Washenga wakiwa wengi kupita kiasi, kila nyumba hujikuta na mshenga wake mlangoni, huyu kamshika huyu na yule kamshika yule, wala hapana aliyebaki wa kuwakutanisha. Daktari aliyedhani kwamba dawa nyingi ndiyo dawa nzuri angeweza kupoteza mgonjwa wake hapo.

Kwa kuwa mikono ya upande huu inaweza kuwa mamia na ya upande ule mamia, michanganyiko ya kupimwa huwa maelfu. Waliotengeneza dawa ya kingamwili ya mikono miwili kwa ajili ya maradhi ya damu isiyoganda, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017, walipita katika michanganyiko ipatayo 40,000. Hiyo haikuwa ya saratani na vipimo vyake vilikuwa vya namna nyingine, lakini yaonyesha ukubwa wa shamba linalolimwa ili kuvunwa punje moja.

Tumrudie sasa mzee wetu wa Wete. Damu ya nani?

Tuanze na seli za saratani zinazotiwa katika vishimo. Seli hizo hazitolewi kwa mgonjwa mpya kila asubuhi. Huzalishwa maabara kwa miaka na miaka, zikigawanyika bila kikomo, zikihifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminiko yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na huuzwa na hazina za seli kwa namba, kama vile vipuri vya mashine. Kwa dawa zinazolenga CD19 na CD20, mbili zinazotumiwa sana duniani huitwa Raji na Daudi. Raji ilitoka katika taya ya juu ya mtoto wa Nigeria wa miaka 11, na ikaoteshwa Ibadan mwaka 1963. Daudi, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, ilitoka mwaka 1967 kwa kijana wa Afrika ya Mashariki wa miaka 16. Katika daftari la hazina ya Marekani, Raji ni namba CCL-86 na Daudi ni CCL-213.

Wote wawili walikuwa na saratani ya Burkitt. Maradhi haya aliyaeleza kwa ulimwengu Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, katika andiko la mwaka 1958: uvimbe wa mataya ya watoto unaokua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walifunga safari kwa gari kuukuu, maili zipatazo 10,000, wakipita katika hospitali zaidi ya hamsini za mashariki na kusini mwa Afrika, wakiuliza uvimbe huo unaonekana wapi na hauonekani wapi. Waliona kwamba unafuata joto na mvua, kama unavyofuata malaria. Na hapa pana jambo ambalo watoto wetu wangestahili kufundishwa skuli: katika ramani hiyo Unguja na Pemba zilionekana kuwa mahali ambapo uvimbe huo ni nadra, ilhali bara iliyo mkabala wetu ulikuwapo, na sababu iliyotolewa ni kazi iliyofanywa visiwani humu ya kupambana na malaria. Mwaka 1964, katika kipande cha uvimbe uliotoka Uganda kwa ndege, Epstein, Achong na Barr walikiona London kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya mwanadamu.

Kwa hiyo jibu la nusu ya kwanza ni kwamba dawa hizi zimejaribiwa, miongoni mwa nyingine, kwa seli za watoto wa bara hili. Na seli za Daudi zina fadhila ya pekee. Kwa kawaida kila seli huning'iniza juu yake mfano wa kitambulisho, na seli T hukisoma kabla ya kushambulia. Seli za Daudi zimepoteza protini moja ndogo inayobeba kitambulisho hicho, hata juu yake hapaonekani kitu. Seli T ya kawaida haina cha kusoma. Mshenga wa mikono miwili akitiwa, hata hivyo, seli T huziua seli za Daudi bila kusoma chochote, na hivyo kuonyesha kwamba dawa za namna hii hazihitaji kitambulisho. Hilo si jambo dogo, kwani kuficha kitambulisho ni mojawapo ya hila ambazo saratani huzitumia kulikwepa jeshi.

Seli nyingine ya Burkitt, iitwayo Namalwa, nayo kutoka kwa mtoto wa Kiafrika, ilikuzwa katika matangi makubwa huko Uingereza kwa ajili ya kutengeneza interferoni iliyouzwa kama dawa. Katika miaka hiyo haikuwa desturi kuomba idhini kwa namna inayotakiwa leo. Hatuandiki haya ili kumtuhumu mtu. Madaktari wengi wa wakati ule walikuwa wakipigania maisha ya watoto hao hao kwa dawa chache walizokuwa nazo, na mara nyingine walifanikiwa. Lakini hesabu ni hesabu, na mtu aliyechangia ana haki ya kuandikwa katika daftari la wachangiaji.

Nusu ya pili ya swali ni ngumu zaidi. Jeshi lenyewe, zile seli T, hutolewa katika damu ya watu wazima wenye afya walioko karibu na maabara, na maabara hizo nyingi ziko Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki. Kila mtaalamu anajua kwamba seli T za watu wawili hazifanani: dawa ile ile, kiasi kile kile, kwa huyu huua nyingi na kwa huyu huua chache, na kelele zake kadhalika. Kwa ajili hiyo hupimwa kwa damu ya watu mbalimbali kabla ya hukumu kutolewa. Sasa tujiulize sisi wa visiwani. Mtu aliyekulia hapa, aliyepambana na malaria utotoni, aliyebeba minyoo miaka kadhaa, na minyoo yajulikana kwamba huituliza nguvu ya ulinzi ili ipate kukaa, jeshi lake litaitikia sawa na la mwanafunzi wa Boston? Huenda likaitikia sawa. Lakini hilo hupimwa kwa damu yake mwenyewe katika kishimo, wala haifai kulikisia.

Nani atasema kwamba kupima huko ni anasa? Tarehe 13 Machi 2006, katika Hospitali ya Northwick Park, London, vijana wanane wenye afya njema walijitolea kujaribiwa kingamwili iitwayo TGN1412, iliyokusudiwa kuziamsha seli T kwa kupitia alama CD28. Haikuwa ya mikono miwili, lakini kengele iliyoivuta ni ile ile. Wawili walipewa maji matupu. Sita walipewa dawa, kwa kiasi kilichokuwa chini mara 500 kuliko kile ambacho nyani walikivumilia bila madhara. Katika muda wa dakika tisini walianza kuumwa vichwa na migongo, homa ikawapanda, na kabla ya siku ya pili kuisha wote sita walikuwa mahututi, viungo vya ndani vikigoma kimoja baada ya kingine. Kwa juhudi za madaktari hakuna aliyekufa, ila mmoja wao alipoteza sehemu za vidole vyake.

Kabla ya siku hiyo dawa ilikuwa imepimwa katika seli za watu, na seli zilikaa kimya. Kosa lilikuwa wapi? Wataalamu wa Uingereza walilitafuta baadaye na wakalikuta mahali ambapo mtu asingepafikiria. Kingamwili ilipokuwa ikielea katika maji ya kishimo, seli T hazikuamka. Ilipokaushwa kwanza ikagandamana na plastiki ya kishimo, kisha seli zikatiwa juu yake, ziliamka kwa kishindo na kumwaga saitokini kama zilivyofanya katika miili ya vijana wale. Na kuhusu nyani, ilikuja kuonekana kwamba kundi moja la seli T zao halina alama ile ya CD28, kwa hiyo walikuwa mashahidi wasioona. Tangu mwaka 2007 miongozo ya Ulaya inataka dozi ya kwanza kwa binadamu ihesabiwe pia kuanzia kiasi kidogo kabisa kinachoonekana kufanya kazi katika seli, pasipo kutegemea tu kiasi ambacho mnyama alikivumilia. Sahani ya plastiki imepandishwa cheo.

Matunda yake tunayaona. Katika utafiti uliochapishwa Desemba 2024, wa watoto wenye saratani ya damu ya seli B ya namna isiyo kali sana, waliopewa blinatumomab pamoja na dawa za kawaida, asilimia 96 walikuwa hai bila maradhi kurudi baada ya miaka mitatu. Waliopewa dawa za kawaida peke yake walikuwa karibu asilimia 88. Kwa watu wazima wenye saratani ya uboho waliokwisha kushindwa na dawa nyingine, teclistamab, iliyoruhusiwa Marekani Oktoba 2022, ilipunguza maradhi kwa asilimia 63 ya wagonjwa 165. Katika hao asilimia 72 walipata homa ya saitokini, wengi wao kwa kiasi kidogo, kwa sababu dozi ilipandishwa ngazi kwa ngazi chini ya uangalizi. Kwa saratani za viungo, kama vile mapafu na utumbo, kazi bado ni nzito, maana shabaha iliyoko kwenye uvimbe mara nyingi iko kidogo pia kwenye viungo vizima.

Bei yake ndiyo inayotia uchungu. Blinatumomab ilipotoka mwaka 2014 ilitangazwa kuwa dola 178,000 kwa mizunguko miwili. Katika miaka ya mwanzo ilipasa itiwe mshipani kwa pampu usiku na mchana kwa majuma manne, kwa kuwa haidumu mwilini zaidi ya saa chache. Tungekuwa wanafiki kuiambia Wizara iagize dawa hiyo kesho. Mjukuu wa mzee wetu yu hai na anasoma darasa la nne kwa dawa za kawaida, zile za zamani, kwa sababu aligunduliwa mapema na dawa hazikukatika. Dawa hizo zikikatika ghalani hata wiki mbili, maneno yetu yote ya leo huwa upuuzi. Anayeongoza bajeti na aanze na hilo, wala asitumie makala haya kama kisingizio cha kufanya kinyume chake.

Lakini pana jambo lililo katikati ya kununua na kukaa bure. Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, na kazi zake juu ya minyoo na kichocho zinasomwa ulimwenguni. Vijana wetu wameonyesha kwamba wanaweza. Kutenga seli nyeupe kutoka katika damu, kuzigandisha zikiwa hai, kuzifufua na kuzihesabu si uchawi. Kunataka kabati la hewa safi, kabati la joto, mashine ya kuzungushia damu, darubini, tangi la naitrojeni, watu wawili watatu waliofunzwa vizuri, na umeme usiokatika. Tunalitaja la umeme makusudi. Tuliokuwapo Unguja mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari uliposhindwa, tunajua samaki katika majokofu yetu walikuwa na hali gani. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010. Seli zikikosa nyuzi 37 kwa usiku mmoja, kazi ya miezi imepotea, kwa hiyo anayepanga maabara na aanze na jenereta.

Nchi yenye meza ya namna hiyo hukaa na wageni kwa namna nyingine. Ikiletewa dawa kwa ajili ya majaribio, na siku hiyo itafika, inaweza kusema: tuachieni kwanza tuitazame kwa damu ya watu wetu. Isipokuwa nayo husoma tu karatasi iliyoandikwa na muuzaji, ikatia sahihi.

Na pana la sampuli. Kila damu au kipande cha nyama kinachovuka bahari kwenda kupimwa nje kingefuatana na karatasi inayosema kimetoka kwa nani, kwa idhini gani, kitatumiwa kwa kazi gani, na kikizaa dawa, aliyekitoa na nchi yake watapata nini. Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar ndiyo mahali pa kuliangalia hilo. Tunaiomba iwaeleze wananchi, kwa Kiswahili chepesi na katika kurasa hizi ikipenda, utaratibu uliopo sasa ni upi na unafuatwaje. Nafasi tutaitoa.

Juma lililopita tulirudi Wete. Tulimweleza mzee habari ya vishimo, ya washenga, ya vijana wa London, na ya seli za Kiafrika zinazotumiwa kila siku katika miji ambayo hatutaifika. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza. Kisha akauliza: "Huyo Daudi, ni Daudi bin nani? Watu wake wanajua?"

Tulimwambia kwamba daftari tulilolisoma limeandika umri, mwaka, maradhi na namba. Akaomba aandikiwe namba hiyo kwenye kipande cha karatasi. Tukamwandikia.